Jogoo wa Porini na Supu Ambayo Sikuinywa

Vijana wangu, mkipita hapa Pajulu mkanikuta nasugua viatu kwa sabuni na majivu kabla sijaingia kwenye boma la jirani, msidhani akili imeanza kunikimbia. Nimestaafu. Sanduku la dawa nimelirudisha, baiskeli ya serikali ilikufa zamani, lakini mkono haujasahau. Wajukuu wananicheka, wanasema Babu anaosha viatu visivyo na tope. Wacheke tu. Kuna siku moja sikuviosha, kule Koboko, na kwa uvivu huo nusura mama mmoja apoteze kitu pekee alichobakiwa nacho cha mama yake mzazi.

Nitawaeleza, ila msiniharakishe. Mtu aliyefanya kazi ya kuku miaka yote hii hawezi kwenda moja kwa moja. Kuku mwenyewe haendi hivyo.

Nilikuwa msaidizi wa mifugo, ofisi ya Arua. Msisikie mifugo mkafikiri ng'ombe. Ng'ombe walikuwa na wakubwa wao, watu waliosoma, wenye pikipiki. Mbuzi walikuwa na mtu wao. Mimi mwenye cheti kimoja na baiskeli nilipewa kuku, na tangu wiki ya kwanza wenzangu wakaniita Dokita Kuku. Jina hilo lilinikera sana. Baadaye nikagundua kwamba ng'ombe wako kwa wachache, ila kuku yuko kila boma, na mtu wa kuku anakaribishwa chai kila mlango. Nikaacha kununa.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Candia, msaidizi mwandamizi pale ofisini, mtu wa Dadamu, mfupi, mwenye suruali aliyoikata juu ya kifundo cha mguu isiguse mavi ya kuku. Siku yangu ya kwanza alinipeleka boma moja la Ayivu, akanikalisha kwenye kigoda, akaniambia nitazame kuku mpaka aniite. Nikatazama hadi macho yakauma. Aliporudi akauliza ni yupi mgonjwa. Nikasema wote wazima. Akanyoosha kidole kwa kuku mmoja mwekundu aliyekuwa anadonoa chini kwa bidii.

"Ile iko gonjwa. Nadonoa, lakini hapana meza. Nataka wenzake waone iko nakula."

Tukamkamata, tukampapasa kifuko cha chakula shingoni. Kitupu. Basi liandikeni hilo popote mnapoandika mambo yenu: kuku anaficha ugonjwa mpaka siku ya kufa, kwa sababu wenzake wakijua watamdonoa. Ukitaka kumjua, tazama kwanza mavi yake, kisha mabawa, na mwisho kabisa ndipo utazame mdomo.

Kanuni yake nyingine ilikuwa ya viatu. "Kijana, usiingie boma ya pili na viatu ya boma ya kwanza. Sanduku pia, osha." Kila boma alikuwa anaomba maji, anasugua soli, anasugua kizimba cha kubebea kuku, anaanika juani, ndipo anaondoka. Mimi nilikuwa naitikia ndiyo Mzee, huku moyoni nasema huyu mzee anapenda tu kupoteza muda. Maji yenyewe kina mama wanayatoa mbali kichwani. Nikiwa peke yangu nilikuwa nafuta soli kwenye nyasi, mara mbili tatu, yameisha.

Sasa twende kwenye kuku wa porini. Ninyi mnaosoma mnaambiwa kwamba kuku mwitu wa asili yuko Asia, mbali kabisa, na huku kwetu porini kuna kanga na kwale. Ni kweli. Lakini sisi wa West Nile kuku wa porini tulimtengeneza wenyewe bila kukusudia. Vita vya sabini na tisa vilipopita, na vurugu zilizofuata, watu walivuka mpaka, wengine Zaire, wengine Sudan. Mtu alibeba mtoto, sufuria na godoro. Kuku wachache walibebwa, majogoo karibu wote waliachwa, maana mtu anayejificha hataki rafiki anayewika. Kuku waliobaki wakaliwa na askari, na kicheche, na mwewe. Wajinga wakaisha. Waliobaki ni wale wenye akili: waliolala juu ya miti mirefu, waliotaga kichakani, waliokimbia kabla hawajajua wanakimbia nini.

Watu walipoanza kurudi, katikati ya miaka ya themanini, nyasi zilikuwa zimemeza maboma yote. Na ndani ya nyasi hizo mlikuwa na kuku, wembamba, wepesi, wanaoruka kutoka mti huu hadi ule. Watu wakaanza upya na mitetea wachache waliotoka nao ng'ambo, na kila asubuhi utaona jogoo mwembamba anatoka porini, anamaliza shughuli zake na mitetea ya watu, anarudi zake. Vifaranga wakazaliwa baba hajulikani. Wengine waliapa kwamba baba ni kwale. Niliulizwa swali hilo mpaka nikachoka. Kwale na kuku hawazai, vijana. Yule alikuwa kuku wa babu yako aliyekimbia vita kwa njia yake, na sasa damu yake inarudi nyumbani kwa mlango wa nyuma.

Ofisi yetu haikuipenda damu hiyo. Ilionekana ndogo, haina nyama. Tukaletewa majogoo ya kizungu kutoka shamba la serikali, makubwa, mekundu ya kahawia, miguu ya manjano minene. Kazi ikawa moja: nenda boma, mpe mwenye boma jogoo mmoja mkubwa bure, kwa sharti kwamba majogoo yake yote ya zamani yaondoke, yauzwe au yaliwe, ili vifaranga wawe wa baba mmoja. Kwenye fomu kulikuwa na mstari wa kuandika kila jogoo wa zamani ameishia wapi.

Majogoo yale, Mungu anisamehe, yalikuwa mapumbavu. Yalilelewa ndani, yakala kwenye bakuli. Mwewe akipita juu, mitetea yetu inapiga kelele na kuingia chini ya ghala. Jogoo la serikali linasimama katikati ya uwanja, linainua kichwa, linamtazama mwewe kwa heshima. Watu wakaliita Mheshimiwa. La kwanza kabisa nililipeleka Dadamu kwa mzee mmoja mpole. Wiki ya pili nikarudi kulipima, nikakuta manyoya jikoni.

"Dokita," akasema, "mkwe yangu alikuja. Mimi nampa maharage? Baba ya bibi yangu?"

Hata serikali yenyewe ingetembelewa na mkwe, ingechinja.

Koboko nilitumwa na mkubwa wa wilaya, na maneno yake yalikuwa mafupi. Nilikuwa bado sijathibitishwa kazini. Alinitaka nimwoneshe boma moja la Koboko lenye vifaranga safi wa jogoo mkubwa, akija mwenyewe kukagua aone kwa macho. Nikishindwa, narudi nyumbani kulima muhogo. Mama yangu alikuwa tayari amewaambia watu wote wa Pajulu kwamba mwanawe ni daktari, kwa hiyo mnaweza kuelewa nilivyotia bidii.

Boma nililochagua lilikuwa la Mama Zubeda. Mjane, Mkakwa, Mwislamu, mumewe alikuwa askari wa zamani na alikufa uhamishoni. Mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kambini, ambaye hata akikuomba chumvi unahisi umepewa amri. Boma lake lilifagiliwa mara mbili kwa siku. Alikuwa na mitetea watatu tu, na wote watatu walikuwa vishingo, yaani kuku wenye shingo tupu isiyo na manyoya, nyekundu. Nilipomweleza habari ya jogoo mkubwa wa bure alifurahi sana, mpaka nilipofika kwenye sharti.

Kwa sababu alikuwepo jogoo. Kila asubuhi alitoka kwenye kichaka nyuma ya kichuguu, mwembamba, mwekundu, mkia mrefu, na shingo yake tupu pia. Alikuwa wa mwisho. Wenzake wa upande ule walikuwa wamekwisha kuwindwa kwa mbwa, na pori lenyewe lilikuwa linalimwa.

"Haiko yangu," akasema Mama Zubeda. "Iko ya pori. Serikali nataka itoke, serikali iende iambie pori."

"Mama, anapanda mitetea yako. Ni wako."

"Wewe kaa chini kwanza, Dokita."

Nikakaa. Akanieleza kwamba vishingo walikuwa kuku wa mama yake. Koboko upande ule hakuna mwingine aliyekuwa nao. Siku ya kukimbia, mama yake mzee alikataa kuwafunga miguu. Akafungua banda, akawaambia kila mmoja aangalie maisha yake. Kisha akavuka Zaire akiwa amembeba mjukuu, akaumwa, akafa huko huko. Miaka ikapita. Mama Zubeda aliporudi alikuta nyumba imekuwa kichuguu. Akiwa anafyeka, akamwona mtetea anatoka majanini na vifaranga, shingo tupu. Aliweka panga chini, akakaa kwenye nyasi, akacheka na kulia pamoja.

"Kaburi ya mama iko Zaire," akaniambia. "Picha yake hakuna, kitambaa yake hakuna. Iko hizi kuku tu. Hii jogoo iko mutu ya nyumba, mimi hapana fukuza."

Ningekuwa na akili ya leo, ningefunga kitabu changu palepale. Lakini nilikuwa kijana, nilikuwa na fomu, na nyuma ya fomu niliona jembe la muhogo. Nikamwambia kwa upole wa uongo kwamba damu ya mama yake ipo kwa mitetea watatu, inatosha. Sikumsikia akikubali, lakini nilijifanya nimesikia.

Asubuhi iliyofuata nikarudi, nikamwomba kioo. Nikasema nataka kunyoa ndevu. Alinipa kioo chake cha ukutani, kile kizuri chenye fremu, akaenda kisimani. Ninyi vijana mnaokamata kuku kwa kukimbizana uwanjani, jifunzeni: jogoo wa porini humpati kwa mbio. Nikakisimamisha kioo kwenye kichuguu, nikazungusha vitanzi vya uzi wa kuvulia samaki mbele yake, nikajificha nyuma ya choo. Jogoo akatoka. Akamwona mwenzake kwenye kioo, shingo tupu kama yeye, anamkodolea macho. Akapandisha manyoya, akaruka mara ya kwanza, akapiga kioo kwa mateke, akaruka mara ya pili, mguu ukaingia kitanzini. Nikamtia kizimbani, nikarudisha kioo kwenye kigoda, kikiwa na ufa mpya pembeni, na nikaondoka kabla Mama Zubeda hajarudi na maji. Siku hiyo nilijiona mjanja sana. Leo nikiikumbuka napata joto masikioni.

Nilitaka kumfikisha ofisini Arua akiwa hai, awe ushahidi. Nusu saa tu kutoka Koboko kuna kijito, nikasimama kunywa maji. Jua lilikuwa kali, jogoo anahema mdomo wazi. Nikafungua mlango wa kizimba kidogo, upana wa mkono, nimpe maji kwenye kifuniko. Vijana, kuku wa kawaida ukimfungulia anafikiria kwanza. Huyu hakufikiria. Alipita juu ya bega langu, akapita juu ya shamba la muhogo, akapotea. Nilimtafuta mpaka suruali ikachanika.

Fomu ilikuwa bado na ule mstari wake. Kuandika ametoroka kulikuwa ni kujimaliza. Nikaandika ameliwa.

Ofisini Mzee Candia akaisoma fomu kwa utulivu. Akavua miwani.

"Wewe ulikula hii jogoo?"

"Ndiyo, Mzee."

"Peke yako?"

"Ndiyo, Mzee. Njiani."

"Na firigisi? Firigisi alikula nani?"

Hapo nikakwama. Ninyi wa siku hizi mnakula firigisi kwenye vijiti mjini bila kuuliza mtu, lakini kwetu kijana asiye na mke hali firigisi. Firigisi ni ya mkubwa. Ukichinja jogoo ukiwa mbali, unaifunga kwenye jani unamletea mkubwa wako, na mkubwa wangu alikuwa ndiye huyu aliyekaa mbele yangu anangoja. Nikatazama dari. Mzee Candia akarudisha miwani yake, akaweka fomu ndani ya faili. Ningefurahi zaidi kama angenipiga.

Wiki moja baadaye nikapeleka Mheshimiwa wa Mama Zubeda. Nilipita Ayivu njiani kuangalia boma moja, nikakuta kuku wawili watatu wamesinzia, mabawa yameshuka. Nikasema ni jua. Nikatua kizimba uwanjani kwao, nikanywa uji, nikafuta soli kwenye nyasi, nikaendelea na safari.

Mama Zubeda alimpokea jogoo mkubwa bila kumtazama.

"Ile ya pori iko wapi?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. Nikaona kwamba nikisema ametoroka, atamngoja, na pengine jogoo atarudi, na kazi yangu itakwisha.

"Tulimla, Mama."

"Mulikula."

"Ndiyo. Supu ilikuwa tamu sana."

Akatikisa kichwa polepole, akaenda kukaa karibu na mitetea wake watatu. Kioo kilikuwa kimerudishwa ukutani na ule ufa wake, na hakuniuliza habari za ndevu.

Siku ya kumi nikarudi. Kabla hata sijashuka kwenye baiskeli nilijua, kwa sababu boma lilikuwa kimya. Mheshimiwa alikuwa amekufa mlangoni. Mtetea mmoja alikuwa amekufa chini ya ghala, wa pili pembeni yake, wa tatu alikuwa hai bado, shingo ile tupu imepinda mpaka kichwa kimegeuka juu, mavi yake ya kijani. Kideri, ule ugonjwa unaofagia kuku wa boma zima. Akafa mikononi mwa Mama Zubeda mimi nikiwa nimesimama pale na sanduku la dawa lisilo na dawa yoyote ya ugonjwa huo, maana dawa yake haipo, ni chanjo tu na inakuja kabla.

Nilitazama viatu vyangu. Kwenye mshono wa soli kulikuwa na mavi makavu ya kuku wa Ayivu.

"Mama," nikasema, "ugonjwa huu nimeuleta mimi. Kwa viatu hivi na kizimba hiki."

Nilingoja sauti ya kambini. Haikuja. Alimlaza mtetea chini, akampapasa shingo kwa kidole kimoja kuanzia juu hadi chini.

"Sasa mama ameisha," akasema. "Sasa ameisha kabisa."

Nikachimba shimo, tukawafukia wote wanne, nikamwaga majivu juu. Nililia nikiwa nachimba na sioni aibu kuwaambia. Jambo la jogoo kutoroka lilinijia mdomoni mara mbili, nikalimeza. Sikujua kama yu hai, na kumpa mtu tumaini la uongo baada ya uongo wote ule niliona ni kumzidishia.

Mkubwa wa wilaya alipokuja kukagua, nilimpeleka kwenye shimo. Nikamweleza jinsi kideri kilivyofika. Akawa tayari ananiandikia barua ya kunifukuza, Mzee Candia akamwomba aniachie mikononi mwake. "Huyu sasa iko najua kuosha viatu," akasema. "Mwingine tutaanza kufundisha upya." Hivyo ndivyo nilivyobaki kazini, nikapewa kazi ya adhabu: kuzunguka boma kwa boma barabara yote ya Koboko, ndoo ya maji ya sabuni upande mmoja wa baiskeli, chupa ya thamosi yenye chanjo na barafu upande wa pili. Barafu ikiyeyuka, chanjo imekufa, unarudi mwanzo. Siku hizi mna chanjo ya kudondosha jichoni inayovumilia joto, mnaibeba mfukoni. Mna raha nyingi hamzijui.

Miezi ikapita. Siku moja nikafika tena kwenye kile kijito. Pembeni ya barabara alikuwa amehamia Mama Keji, mkimbizi Mkristo kutoka Sudan, anauza chai na mandazi, na alikuwa ameanza kufuga mitetea wawili alionunua sokoni, wenye shingo zao nzima zenye manyoya. Nikaosha viatu. Nikaosha kizimba. Nikampa salamu.

"Dokita, Mungu amekuleta," akasema. "Kuku yangu iko na ugonjwa ya ngozi. Watoto yake nazaliwa, hapa kwa shingo manyoya hakuna. Nipe dawa ya kupaka."

Niliweka ndoo chini. "Wako wapi?"

Akawaita kwa kutikisa mtama kwenye kikopo. Wakaja kumi na mmoja, wameshapita ule umri ambao vifaranga hufa ovyo. Sita walikuwa na shingo tupu, nyekundu, ndefu. Vijana, kishingo ni damu isiyojificha: mzazi mmoja akiwa nayo anaitoa, na karibu nusu ya watoto wanaionesha. Mama zao hawakuwa nayo. Kwa hiyo ilitoka kwa baba. Na baba mwenye shingo tupu kwenye barabara ile nilimjua mmoja tu, na mimi ndiye niliyekuwa nimemla.

Nikacheka mpaka Mama Keji akadhani nimepata ugonjwa wa kuku. Nikamuuliza kama amewahi kumwona jogoo wa ajabu. "Iko moja nyembamba," akasema. "Nakuja asubuhi, narudi. Mimi nasema iko kwale."

Njia ya kurudi kwa Mama Zubeda sikuiona. Baiskeli ilijua yenyewe. Nilimkuta anapura mtama. Nikamwambia yote nimesimama, bila kukaa: kioo, kitanzi, kifuniko cha maji, muhogo, fomu, supu. Alisikiliza bila kuacha kupura. Nilipomaliza akaweka fimbo chini, akajifunga leso upya, akasema neno moja tu.

"Twende."

Akapanda nyuma ya baiskeli, mtu mrefu yule, miguu inaburuzika barabarani. Tulifika jua halijawa kali, tukakaa kwa Mama Keji na kikombe cha chai. Nyasi zikatikisika. Akatoka, mwembamba, mkia mrefu, shingo ile ile. Akapiga hatua mbili kuelekea kwa mitetea, akaniona mimi na kizimba changu, akarudi nyuma hatua tatu. Mama Zubeda alishika mdomo kwa mikono miwili. Mabega yake yakatikisika, na sikujua ni kicheko au ni kilio mpaka alipogeuka.

"Dokita," akasema, machozi yanamtiririka, "ile supu yako naona imeota manyoya."

Mama Keji, ambaye hakuelewa lolote, akacheka pia. Wakazungumza wawili hao Kikakwa na Kiarabu cha Juba, haraka haraka, na nikaona Mama Keji anaacha kucheka, anamshika mkono mwenzake. Naye alikuwa ameacha makaburi ng'ambo. Akainuka, akamkamata mwari mmoja wa kishingo, mtetea ambaye hajaanza kutaga, akamwekea Mama Zubeda mapajani. Hakutaka malipo. Wakakubaliana kwa desturi ya kina mama wa huku: kuku wa kugawana, uzao wa kwanza nusu huku, nusu kule, na baada ya hapo wao ni ndugu wa kuku. Mama Zubeda akampapasa mwari yule shingo kwa kidole kimoja, kuanzia juu hadi chini, na safari hii hakusema mtu ameisha.

Mwari alipokua nilimpelekea Mheshimiwa mwingine, nikiwa nimeosha kila kitu mpaka kucha zangu. Vifaranga waliozaliwa walikuwa na kifua cha baba yao wa serikali na shingo ya babu yao wa porini, na kivuli cha mwewe kikipita, wanakuwa chini ya ghala kabla hujamaliza kusema mwewe. Vijana, mnaobishana siku hizi damu ipi ni bora, ya kizungu au ya kienyeji, njooni nitawaonesha. Jogoo wa porini naye alirudi mwenyewe kwenye kichaka chake, akawa anakuja kumtembelea mtetea wa Mama Zubeda, na watoto wake wakasambaa barabara nzima; sikumzuia. Kwenye fomu, ule mstari wa jogoo wa zamani, niliandika maneno ya mwenye boma: hana mwenyewe, ni wa pori. Mzee Candia akapiga muhuri.

Siku nilipostaafu, dereva mmoja wa lori la Koboko alisimama hapa Pajulu, akanishushia jogoo amefungwa miguu kwa kitambaa safi. Mkubwa, kifua kipana, shingo tupu, nyekundu. Akasema ametumwa na Mama Zubeda, na ujumbe ni huu: "Mwambie Dokita, hii akule kweli."

Nikamfungua miguu. Nikampa dereva chai, na nikamtuma arudishe salamu Koboko kwamba nimepokea, nimekula, supu ilikuwa tamu sana, na firigisi, kwa kuwa sasa mimi ndiye mkubwa, nimekula mwenyewe. Dereva aliitikia huku anamtazama jogoo, ambaye alikuwa amesharuka juu ya ua wangu na kuanza kuwika.